Dua Ndefu ya Bulla Pesa

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Hamdi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, wewe na shemeji Isacko na watoto, na yule mbuzi wako mweupe anayekula nguo za watu kwenye kamba. Kama mto umejaa, Mungu awakinge nao. Kama umekauka, Mungu aurudishe. Sisi huku tuko nagaa, amani tupu, vumbi ni lile lile mliloliacha, na afya yangu ni ya kuonea watu.

Kwanza nikupe habari ya ndugu yako mwenyewe, usije ukaisikia kwa wengine wakaipunguza. Dada, tangu Isiolo iitwe Isiolo hajatokea mfanyakazi kama mimi. Usicheke. Kuanzia Oldonyiro mpaka huko kwenu Merti, hesabu wachimba visima, hesabu wapakia magunia, hesabu hata wale wa maofisini wanaotundika koti kwenye kiti halafu wanaenda kunywa chai mpaka adhuhuri. Hakuna anayenifikia. Kwa siku moja nafanya kazi ya watu watatu, tena nimekaa chini, sitoki jasho, siitwi nikaitika, wala siangalii pembeni. Na ni mimi yule yule ambaye mwalimu wa hesabu alisema kidato cha pili kimenitosha. Ukimwona, msalimie.

Najua unajiuliza kwa nini mtu wa kompyuta anaandika kwa kalamu. Ni kwa sababu simu yako si yako. Mimi nikisema halo tu, mzee wetu Aba anaichukua, anaiweka spika, na nusu ya Merti inakaa chini kusikiliza. Kwa hivyo barua hii nimempa Ibrae wa lori, nikamwambia ni majina ya dawa za mbuzi. Isome peke yako kwanza, nyuma ya nyumba, na ukishindwa na mwandiko wangu kumbuka wako ulikuwa unafanana na njia ya siafu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Isacko amemtafutia Aba kiti kwenye gari la kwenda hospitali ya macho Meru mara mbili, na mara mbili Aba amekataa kupanda. Anasema macho yake yameshaombewa, na mtu aliyepanda mbegu hafukui kila asubuhi kuangalia kama imeota. Unasema siku hizi hasikii mtu isipokuwa mimi, kwa hivyo nimwambie mimi aende. Tena unauliza siku ile ya kambi ya macho ilikuwaje hasa, maana nilikuambia kwa simu kwamba madaktari walisema jicho lisubiri, na jirani yenu aliyetibiwa siku hiyo hiyo alipoambiwa hivyo alicheka.

Nitakujibu yote. Lakini bila kuanza na miwani hutaelewa kitu.

Unamkumbuka Karimi, yule mama Mmeru aliyekuwa akipiga watu picha za vitambulisho karibu na stendi? Sasa ana ofisi, na mimi ndiye mkono wake wa kulia. Kazi yenyewe ni hii: kampuni fulani ya ng'ambo inaleta picha za viatu, maelfu, na mimi naandika hii ni ndara, hii ni buti, hii ina kamba, hii haina, ili kompyuta yao ijifunze viatu. Ndiyo, dada, kuna kompyuta huko duniani inafundishwa na mimi. Nacheka mwenyewe.

Shida ilikuwa chumba changu. Unaijua ploti yetu. Mlango wa kulia ni fundi wa kuchomelea, wa kushoto ni watoto sita na jogoo asiyejua saa, na nyuma mke na mume wanaogombana kila siku kama wamelipwa. Nikiandika kiatu kimoja, nasikia mambo manne. Karimi akaniambia kichwa changu ni kama soko la mbuzi, wanaingia wote na hakuna anayenunuliwa. Basi siku moja akatoa kwenye mfuko kitu alicholetewa na dada yake anayefanya kazi Uarabuni. Kinafanana na miwani ya kuogelea, lakini kinene, cheusi, kinafunga macho yote mawili, na mkanda unazunguka kisogo. Wenyewe wanakiita hedseti. Mimi nakiita miwani, kwa sababu inakaa machoni na sioni sababu ya kusumbua ulimi.

Dada, nilipoivaa mara ya kwanza niliruka nikagonga kichwa kwenye mlango. Wallahi. Chumba changu nilikiona kama kilivyo, jiko pale, ndoo pale, lakini hewani kurasa zilikuwa zinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Ukibana vidole viwili, unaushika ukurasa. Ukiinua mkono, unapanda juu. Ukisukuma, unasogea pembeni. Viatu mbele yangu, orodha kulia, maneno ya Karimi kushoto. Halafu kuna kigurudumu kidogo, ukikizungusha, chumba kinaanza kufifia. Jiko linaenda, ndoo inaenda, kuta zinaenda, na mahali pake panatokea mlima wenye theluji na ziwa ambalo halina hata mbu. Kimya. Jogoo namsikia kama yuko Moyale. Nilikaa pale mdomo wazi, nikatokwa na machozi, usiwaambie watu.

Tangu siku hiyo viatu vilinikoma. Nilikuwa nafanya picha mia mbili, nikafika mia sita. Nasteha, yule msichana Msomali anayeuza chai langoni mwa ploti, alikuja akanikuta naokota hewa, akapiga kelele ya kuita majirani, halafu akaniambia nafanana na nzi mkubwa. Zachary wa bodaboda, yule kijana wetu Mturkana, yeye alisema ni punda wa mkokoteni aliyefungwa macho asiogope magari. Niliwaambia wote wawili wivu ni ugonjwa.

Karimi alinipa masharti yake. Simu ikae mbali na mimi. Kazi iwe moja tu. Kila baada ya dakika arobaini nivue, niangalie kitu cha mbali. Na la mwisho, kuna mahali ndani ya miwani pa kuchagua kwamba mtu akikaribia, aonekane, hata ukiwa kwenye theluji. Akasema hapo nisipaguse, hilo ndilo dirisha langu. Nikamjibu sawa mama, ile sawa ya kumwambia mtu anyamaze. Watoto wa jirani walikuwa wameshagundua kwamba wakinisogelea wanatokea kwenye ziwa langu kama majini, basi wakawa wanakuja mmoja mmoja na ulimi nje. Nikalizima hilo dirisha. Na dakika arobaini ni za watu wanaochoka, mimi sichoki.

Sasa tuje kwa Aba.

Uliponiletea Aba na lori la Ibrae ile Jumatatu, nilishtuka, Hamdi. Ulikuwa umeniambia haoni vizuri, lakini hukuniambia kwamba mzee aliyekuwa akitambua ngamia wa mtu ng'ambo ya mto atanishika uso kwa mikono miwili ili ajue kama ni mimi. Nilimtania kwamba nimekuwa mzuri zaidi, ni hasara yake. Alicheka. Siku mbili zile miwani niliificha chini ya kitanda. Nilitaka apate macho kwanza, ndipo nimwonyeshe ziwa langu. Kama ningemvisha miwani akiwa vile, angesikia habari tu.

Jumanne tulikwenda kambini, kwenye uwanja ule wa mpira waliopiga mahema. Daktari alimwangalia muda mrefu, akaniita pembeni. Akasema la kulia limeshakwenda. La kushoto lina mtoto wa jicho, linaweza kusafishwa na mzee akaona kesho yake, lakini pia lina ugonjwa unaolila kwa ndani polepole, na tusikubali mwaka huu uishe bila matibabu. Wakambandika Aba plasta juu ya nyusi ya kushoto, na namba thelathini na moja. Turudi kesho saa nne asubuhi. Ni siku ya mwisho. Adhuhuri wanavunja mahema wanaondoka. Nikamwambia daktari asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu wa saa.

Jumatano Aba aliamka kabla ya mwadhini. Akaswali, akaoga, akavaa shati jeupe ulilompigia pasi wewe. Nilikuwa nimepatana na Zachary aje saa tatu na nusu. Ilipofika saa mbili Aba akatoka kukaa langoni kwa Nasteha kunywa chai na kuota jua. Nikaona nina saa nzima mkononi. Karimi alikuwa anasubiri mabuti mia tatu. Nikasema nipige saa moja tu, niyapunguze.

Hapa nitakuandikia kila kitu, hata kama ni kidogo, kwa sababu ni vitu vidogo vilivyoleta yote. Sakafu ilikuwa baridi. Mkeka wa Aba wa kuswalia ulikuwa bado umetandikwa pale alipouacha, umeelekea ukuta wa kaskazini. Nikakaa juu yake. Bati letu lina matundu ya misumari na jua la asubuhi lilikuwa linaingia chini ya miwani, likinivurugia theluji. Nikachukua ile shali nyeupe ya Aba, nikajifunika kichwa na mabega. Simu nikampa Nasteha, nikamwambia ikilia saa tatu na robo aje anigonge bega. Nikavaa, nikazungusha kigurudumu mpaka mwisho.

Sijawahi kufanya kazi vile, na sijui kama nitafanya tena. Viatu vilikuwa vinakuja na kwenda kama mifugo inayopita langoni ikihesabiwa. Naviinua kwa mikono miwili, navitazama, naviweka kulia. Midomo yangu, unaijua, haiwezi kukaa kimya, ilikuwa inataja: buti, kamba, ngozi, buti, kamba, ngozi. Sikuangalia pembeni hata mara moja.

Halafu theluji ikazimika. Betri. Nilikuwa nimeyapita mabuti ya Karimi, nimefika picha mia tisa na kitu, na nilijua betri ile haiishi kwa saa moja. Nikavua.

Hamdi, mimi nimewahi kukanyaga nyoka. Nimewahi kuwa juu ya lori lililokatika breki kwenye mteremko, Ibrae anajua. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale. Jua lilikuwa limeshahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Na hatua mbili kutoka kwangu, juu ya jerikani lililopinduliwa, alikuwa amekaa Aba. Viatu miguuni. Fimbo juu ya magoti. Plasta juu ya nyusi. Mikono yote miwili ameifungua mapajani, viganja juu. Alikuwa anatabasamu kuelekea upande wangu, si usoni hasa, kidogo pembeni, kwa sababu uso wangu hakuuona. Nje mwadhini wa adhuhuri alikuwa anamalizia.

Yaliyopita nyuma ya miwani niliambiwa baadaye, kipande kwa Nasteha, kipande kwa Zachary. Saa tatu Aba alirudi chumbani kunichukua. Kwa lile jicho lake moja la ukungu akaona mtu amekaa kwenye mkeka, ameelekea kibla, amejifunika nyeupe, mikono inapanda na kushuka, midomo inasema. Akarudi nyuma taratibu akakaa. Saa tatu na robo simu ikalia, Nasteha akaja mbio. Aba akamzuia mlangoni. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe yuko na Mola wake, na tangu amzae hajawahi kumwona hivi. Nasteha anasema alichungulia, akaona shali tu na mgongo wangu, akadhani labda miwani nimeiacha nimeshika dini. Angesema neno, lakini mzee alikuwa na uso ambao hungeweza kuuharibu. Ni maneno yake.

Saa tatu na nusu Zachary akafika akapiga honi. Aba akatoka akimwonyesha kidole mdomoni. Na yule kafiri wetu mwenye adabu, Mungu amlipe, akazima injini, akavua kofia, akaisukuma pikipiki kwa mguu mpaka barabarani asije akanikatizia. Alisubiri huko mpaka saa tano, akapata mteja.

Na saa nne wewe mwenyewe ulipiga. Nasteha akapokea, akakwambia niko kwenye ibada pamoja na mzee. Nakumbuka uliniambia jioni kwamba ulilia kwa furaha. Ndiyo hiyo.

Tulikimbia, dada. Nilimbeba Aba mgongoni mpaka barabara ya lami, tukapakiwa wote wawili na Zachary, aliyekuwa ameshamshusha mteja wake, fimbo imelala mbele kwenye usukani. Uwanjani tulikuta mashimo ya vigingi. Pamba chache zilikuwa zimeshikwa na miiba kando ya goli, na mlinzi anakunja kamba. Alisema wameita thelathini na moja mara tatu kwa kipaza sauti, halafu wakaita thelathini na mbili. Nilimtukana mlinzi yule ambaye hakukosa lolote. Aba ndiye aliyenituliza. Aliniambia niache kelele, daktari ni mtu na mtu huondoka.

Nikakudanganya jioni ile kwa simu. Kesho yake nikampandisha Aba kwenye lori la Ibrae na plasta yake, alikataa kuitoa.

Ukisoma mpaka hapa unaweza kusema ni bahati mbaya. Kijana alifanya kazi, akapitiwa na saa, mzee kwa upole wake akangoja. Watu wangenisamehe. Mimi mwenyewe nimejisamehe hivyo kila siku tangu Jumatano ile, na kila siku msamaha huo unakataa kushika. Kwa sababu kuna kitu nimekiruka, kati ya kuvua miwani na kukimbia. Kambi iliondoka na saa. Hiki hapa kiliondoka na mdomo wangu.

Nilipovua, Aba ndiye aliyeanza kusema. Aliuliza kama nimemaliza. Nilisema nimemaliza. Miwani nilikuwa nimeishika mkononi chini ya shali, bado ya moto. Akaniambia alikuwa na hamu ya kunywa maji lakini aliona asiinuke, kwa sababu alikuwa anangoja nifike kwenye amin aitikie, na dua isiyoitikiwa hukaa mlangoni. Akasema alijua kwamba kambi inapita. Alijua, Hamdi. Alisikia honi, alisikia simu. Akasema akapima, mkono wa daktari huku na dua ya mwanawe huku, akaona huku kuzito.

Halafu akauliza kitu kimoja. Akauliza: “Na macho yangu uliyataja?”

Neno lilikuwa moja tu. Viatu. Ningesema, Aba, nilikuwa napanga viatu. Angecheka, au angenipiga fimbo, na leo angekuwa Meru. Mimi ninayejibu walimu, ninayejibu askari, nilisema: “Niliyataja, Aba. Mwanzo mpaka mwisho.”

Akainua mikono. Akanibariki kama wazee wanavyobariki, akanitemea baraka utosini, akataja mama, akataja mvua, akataja wewe na watoto wako, akataja macho yake mwishoni kama kitu ambacho kimeshapatikana. Kila aliponyamaza alikuwa anangoja. Nami nikaitikia kila mara. Amin. Amin. Amin.

Hiyo ndiyo mbegu anayokataa kuifukua. Hakuna kitu ardhini, dada. Sikuiweka.

Nimeshaomba ruhusa kwa Karimi, na nitakuja na lori la Alhamisi nimpeleke Meru mwenyewe. Lakini hatapanda kwa ajili yangu kabla hajajua, na nikimwambia mimi uso kwa uso, najijua, nitaingiza utani niponyoke. Kwa hivyo ukishaisoma peke yako, ingia ndani umsomee. Yote, hata ya majigambo, na pale kwenye viatu usiruke. Akikaa kimya usimharakishe. Akiuliza niko wapi, mwambie niko njiani.

Nasteha anakusalimu, Zachary pia. Nisalimie Isacko na watoto, na umfunge mbuzi. Kwa kawaida hapa chini ningeandika dua na kuifunga kama tulivyofundishwa, lakini lile neno la kufungia nimelitumia vibaya na sitaliandika mpaka Aba anirudishie.

Ndugu yako, ambaye hakuomba,

Jattani Doyo